Lori Lililomeza Hirizi

Walisema sitamaliza shule kwa sababu nilikuwa na maswali mengi na kalamu chache. Nilipomaliza, walisema hakuna karakana itakayonichukua. Iliponichukua, walisema sitavuka bahari, na nilipovuka walisema sitarudi, na kama nitarudi basi nitarudi na koti na kikohozi. Mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa fundi cherehani pale Mabawa na mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, aliapa mbele ya watu barazani kwamba siku nitakapoleta cheti chenye muhuri, yeye atavaa kanga ya mkewe hadharani.

Nilirudi Tanga katikati ya miaka ya hamsini na diploma ya ufundi wa injini yenye mihuri miwili. Koti nilirudi nalo pia. Kikohozi sikupata. Mjomba aliichukua ile diploma, akaigeuzageuza kama mtu anayetafuta pindo la kitambaa, akasema muhuri umefifia.

"Upi uliofifia, Mjomba? Iko miwili."

"Yote," akasema. Kanga hakuvaa.

Sasa niseme nani alilipia mihuri ile. Mjomba alinikopesha kidogo, akalalamika sana. Mwinjilisti wa Kilutheri, Mshambaa aliyehamia huku kuhudumia familia za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, aliuza ng'ombe. Lakini mzigo mkubwa aliubeba shangazi yangu wa Nguvumali, mjane, ambaye mumewe alimwachia shamba la minazi Tongoni na hakumwachia kingine. Shangazi aliiweka minazi ile rehani kwa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Omani, mzee mwenye duka la jumla, ghala na lori. Masharti yalikuwa mepesi kuelewa: yeye atakula nazi mpaka deni lilipwe, na mwaka ukiisha tangu nirudi bila deni kulipwa, minazi inakuwa yake na habari imekwisha.

Kwa hiyo niliposhuka bandarini na koti langu, nyuma yangu palikuwa na diploma na mbele yangu palikuwa na minazi ya shangazi.

Nilikuwa na kitu kingine pia, ndani ya sanduku la chuma, kimefungwa kwa fulana tatu. Ofisa wa forodha alinitaka nikifungue. Akakiona: kasha zito la chuma, lenye mdomo upande mmoja na gurudumu la mkanda upande wa pili. Akauliza ni nini. Nikajua nikimweleza ukweli tutakaa pale hadi magharibi.

"Mashine ya kusagia nyama," nikasema.

Akaniruhusu. Ubaya ni kwamba shangazi alikuwa amesimama karibu, akasikia, na kwa wiki nzima alinidai nimsagie nyama ya sambusa.

Ile ilikuwa supachaja. Niliipata huko Uingereza, kwenye karakana nilikofanyia mazoezi, kutoka kwenye gari la mashindano lililopinduka na mwenyewe akakata tamaa na mashindano. Nilifanya kazi bila malipo ili nipewe. Wenzangu walinunua saa na redio. Mimi nilinunua pumzi.

Nieleze, maana nilieleza mara nyingi enzi zile na ninapenda kueleza. Watu wengi hudhani injini inakula petroli. Injini inakula hewa. Petroli ni kitoweo tu. Ukiongeza kitoweo bila kuongeza wali, injini inatapika moshi mweusi na nguvu huioni. Ukitaka ifanye kazi zaidi, iongezee hewa kwanza, ndipo uongeze petroli ya kuliwa na hewa hiyo. Shida ni kwamba injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe pistoni zinaposhuka, na huridhika na kile kinachoingia. Ukiipandisha milimani, ambako hewa ni nyepesi, inapata wali wa nusu sahani na bado unaitaka ibebe magunia.

Supachaja haingoji injini ivute. Inaisukumia hewa kwa nguvu, kama shangazi anavyomlisha mgeni: ukisema umeshiba, anaongeza. Ndani ya kasha lile kuna vyuma viwili vyenye umbo la namba nane, vinazunguka vikipishana karibu kabisa, kwa nafasi ya karatasi, lakini havigusani. Vinachota hewa huku, vinaitupa kule, na injini haina la kufanya ila kumeza.

Nilipowaeleza hayo barazani kwa shangazi, mjomba aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Na hiyo mashine inazungushwa na nani?"

"Na injini yenyewe, kwa mkanda."

"Kwa hiyo injini inafanya kazi ili ipate nguvu ya kufanya kazi."

"Inatoa kidogo, inapata kingi."

"Hayo hayo ulisema ulipokuja kukopa," akasema, na baraza zima likacheka.

Sikukasirika. Mtu mwenye diploma hakasiriki, anaendelea kufundisha. Nikawaambia iko aina ya pili, turbochaja, ambayo haiombi nguvu kwa mkanda. Hiyo hufungwa kwenye njia ya moshi. Moshi unapotoka injinini una moto na kasi, na sisi huutupa bure. Wenye akili wakauwekea gurudumu la mapanga njiani, moshi ukilipiga linazunguka, na kwenye fimbo ileile upande wa pili liko gurudumu jingine linalosukuma hewa safi ndani. Yaani moshi, ambao umekwisha fukuzwa kazini, unapewa kazi nyingine mlangoni. Niliiona kwenye dizeli kubwa ya meli, imewiva kwa joto hadi chuma kinakuwa chekundu. Kasoro yake inachelewa kuamka. Unakanyaga mafuta, inajinyoosha kwanza, kisha ndiyo inakuja.

"Mbona hukuileta hiyo ya bure?" akauliza mwinjilisti, mtu aliyependa vitu vya bure kwa sababu za kiroho.

"Haikuingia sandukuni, Bwana Mwinjilisti."

Mzee mwenye duka alikuwa amekaa muda wote akihesabu tasbihi. Lori lake lilikuwa kuukuu, la petroli, la wakati wa vita, na kila wiki lilipeleka mchele, chumvi na mafuta ya taa kwenye duka lake la Amani. Wanaoijua barabara ya Muheza kwenda Amani wanajua kilima kilivyo na kona zilivyo. Lori lake halikuwahi kukipanda na mzigo kamili. Desturi ilikuwa kufika chini ya kilima, kushusha nusu ya magunia, kumwacha mtu ayalinde, kupanda na nusu, kurudi, kupanda tena na nusu nyingine. Safari moja ilikuwa mbili, na petroli ilikuwa ya tatu.

"Kijana," akasema, "hiyo mashine yako ya nyama itapandisha lori langu na mzigo wote?"

"Shikamoo, mzee. Itapandisha na duka lako juu yake."

"Marahaba. Basi fanya. Likipanda bila kushusha gunia, nitakupa fungu la nauli ya kila safari, mpaka deni liishe, na minazi itangoja hata kama mwaka umepita. Lisipopanda, hatuna haja ya kungoja mwaka. Minazi nitaichukua siku hiyohiyo."

Nilikuwa nafungua mdomo niombe siku ya kufikiri. Sauti ikatoka nyuma ya mlango, ambako shangazi alikuwa akisikiliza huku akijifanya anapepeta mchele.

"Nimekubali miye," akasema. "Minazi ni yangu, si yake huyo."

Nilifanya kazi ile katika banda la bati nyuma ya ghala la mzee, pale Mabawa. Nisijisifu sana, lakini hakuna mtu wakati ule kati ya Tanga na Korogwe ambaye angeweza kuifanya. Nilikata gasketi mpya ya shaba, nene kuliko ya zamani, kwa sababu injini inayoshindiliwa hewa ikibanwa kupita kiasi hugonga kama mtu anayevunja karanga. Nikachelewesha cheche kidogo kwa sababu hiyohiyo. Kabureta nikaifungia ndani ya kasha la bati ili hewa isiponyoke. Mkanda niliupata kwenye shamba la mkonge, wa ile mashine ya kukamulia majani wanayoiita korona. Kisha nikatoboa ubavu wa boneti na kuutoa nje mdomo wa supachaja kwa bomba pana la bati, limefunguka mwishoni kama tarumbeta.

Nilikuwa nimeushonea mdomo ule kifuniko cha wavu. Nilipowasha mara ya kwanza nikaona wavu unaufisha mluzi. Maana supachaja inalia, inapiga mluzi mkali unaopanda na kushuka na mguu wako, na mluzi ule ulisikika hadi Nguvumali. Watoto walikimbia, kuku waliruka uzio, mjomba alijichoma sindano. Haikuwezekana kuufunika mluzi wa namna ile. Wavu nikauweka kando.

Asubuhi ya safari, wadai wangu wote watatu walifika kabla ya jua kukaza. Nilidhani wamekuja kuniaga. Kumbe wanapanda.

"Mnakwenda wapi?"

"Amani," akasema mjomba. "Ukishavuka Muheza kuna barabara nyingi za kukimbilia."

Mzee mwenye lori alikaa mbele nami. Mwinjilisti na mjomba walipanda juu ya magunia pamoja na utingo, mwanamume mpole aliyebeba gogo la kuzuia gurudumu na kulikumbatia kama mke. Shangazi alikuwa na kikapu cha chakula na vyombo, maana hakuwahi kuamini kwamba watu wa milimani wanajua kupika wali wa nazi. Lakini kabla hajapanda alikuwa na kazi.

Kwetu chombo kipya hakiondoki hivihivi. Mwinjilisti aliomba, kwa kirefu, akamkumbusha Mungu habari za ng'ombe wake. Mzee akasoma Fatiha. Shangazi akalizunguka lori na chetezo cha ubani na udi, na alipofika kwenye mdomo wa supachaja, injini ikiwa inanguruma taratibu, moshi wote ukageuka ghafla ukaingia ndani. Naamini ile ndiyo injini ya kwanza duniani kufukizwa matumbo.

Shangazi akasimama akitazama.

"Mwanangu, hii ndiyo njia ya pumzi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Yote inaingilia hapa?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitaka. Mimi nikaenda kukagua magurudumu.

Tulipita Muheza lori likiimba. Watu walitoka madukani. Mzee alikuwa ameshika tasbihi kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine, lakini niliona mguu wake unapiga mdundo. Tulipofika chini ya kilima, mahali pa kushushia magunia, utingo alianza kushuka kwa mazoea. Nikampungia mkono akae. Nikaingiza gia, nikakanyaga.

Lile lori lilipanda. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, magunia yote juu, na wadai wawili juu ya magunia. Nilisikia mwinjilisti akiimba tenzi. Nilimtazama mzee kwa pembe ya jicho ili nione uso wa mtu anayekosa minazi. Na hapo, kwenye kona mbaya kuliko zote, ile yenye genge upande mmoja na maji ya mlimani yanayoteremka upande wa pili, mluzi ukakatika kama umekabwa. Pakatoka sauti ya kitu kinachotafunwa. Mkanda ukalia, ukaruka. Injini ikapiga chafya mara moja ikazima, na lori likaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Utingo alikwisha ruka na gogo lake, akalisukuma chini ya gurudumu, likashika. Nilipoteremka, mjomba alikuwa tayari amesimama barabarani na vumbi la mchele usoni.

"Mpwa wangu," akasema, "na muhuri huu nao umefifia."

Mzee alishuka polepole, akatazama magunia, kisha akamtazama shangazi, na ule mtazamo wake ulikuwa na minazi ndani.

Nilifungua boneti. Nikafungua kasha. Kati ya zile namba nane mbili palikuwa na kitu cheusi kimepondwa. Nikakivuta kwa koleo: kamba nyekundu, ngozi iliyotafunwa, na vipande vya karatasi vyenye maandishi.

Nikageuka. Shangazi alikuwa ameshika kidevu.

"Hirizi ya marehemu," akasema kwa sauti ndogo. "Niliifunga pale mdomoni. Si umesema pumzi yote inaingilia hapo? Basi na hasidi naye ataingilia wapi?"

Nilisomea hewa miaka mingi na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo kwa mpangilio mzuri namna ile. Kosa lilikuwa la mluzi, maana mdomo ungefunikwa, kamba isingepata pa kuingia, lakini mluzi sikuwa na nia ya kuushtaki mbele ya mjomba.

"Basi lori limesimama," akasema mjomba. "Sharti ni sharti."

"Sharti lilikuwa kutoshusha gunia," nikasema. "Gunia gani limeshuka?"

"Limesimama kwa kuchoka."

"Limesimama kwa kupaliwa."

Wote wakamgeukia mzee. Alikichukua kile kipande cha ngozi, akakipeleka machoni, akasoma palipobaki pa kusomeka. Yeye ndiye aliyekuwa na faida tukishindwa.

"Mtu akipaliwa na mwiba wa samaki," akasema hatimaye, "hatusemi hawezi kula. Tunampiga mgongoni. Lakini kijana, hatutarudi chini ukachukue mbio upya. Utaliondoa papa hapa liliposimama, na mzigo wote, na watu wote. Likiondoka, limepanda."

Kuondoa lori lililojaa kwenye kona ile, kutoka kusimama, ilikuwa kazi ngumu kuliko kilima kizima. Mjomba alitabasamu. Mwinjilisti akauliza kama watu nao ni lazima wahesabiwe katika mzigo.

Nilisafisha zile namba nane kwa kitambaa. Zilikuwa na mkwaruzo, lakini zilizunguka kwa mkono bila kugusana. Nikaurudisha mkanda nikaukaza. Ulibaki mdomo, na ule wavu wangu ulikuwa umelala bandani Mabawa. Sikuwa tayari kupanda na mdomo wazi, maana sikujua shangazi ana hirizi ngapi.

"Shangazi, katika kikapu chako una kifumbu?"

"Cha kuchujia tui? Sasa nitakosaje?"

"Nipe."

"Unataka kupika saa hizi?"

Alinipa. Kwa wasiokijua, kifumbu ni kile kimfuko cha ukili kilichosukwa cha kukamulia nazi: kinaachia tui, kinazuia machicha. Nikakipaka mafuta ya injini ili kinase vumbi, nikakivisha kwenye mdomo wa bomba, nikakifunga kwa ile kamba nyekundu. Kikakaa kama kofia. Shangazi aliona kifumbu chake kinaingia mafuta meusi. Nilijua amekiandika mahali.

"Pandeni," nikasema.

Mwinjilisti alipanda akiwa amefumba macho. Niliwasha. Mluzi ulikuja, mnene kidogo kupitia ukili, kama mtu anayepiga mluzi na tende mdomoni. Nikaipandisha injini hadi sauti ikajaa genge lote, nikaachia klachi kidogo kidogo, nikahisi lori linainama nyuma, linafikiri. Utingo alisimama kando ameshika kamba ya gogo. Kisha gogo likabaki peke yake barabarani, na utingo akawa anakimbia nyuma yetu akiwa amelikumbatia.

Tulifika Amani mchana na hakuna gunia lililogusa ardhi. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kule, ile inayowashangaza watu wa pwani kila mara. Mjomba alikuwa na shati moja la mikono mifupi, ametota jasho la hofu, na sasa linampoa mgongoni. Alivumilia. Kisha akamnong'oneza shangazi, na shangazi akafungua kikapu. Mjomba alipotugeukia alikuwa amejitanda kanga ya shangazi, nyekundu, hadi shingoni, katikati ya soko la Amani.

Niliitoa diploma mfukoni. Nilikuwa nayo, ndiyo. Nikaifungua mbele yake.

"Ni baridi," akasema. "Mtu haruhusiwi kuona baridi?"

Lori lile lilipanda kilima kile mwaka mzima na zaidi, na fungu langu likawa linaingia kila safari. Sikununua redio. Siku fedha ilipotimia niliwaita wote barazani kwa shangazi, Nguvumali, baada ya sala ya Ijumaa. Mjomba nilimlipa wa kwanza. Alihesabu, akahesabu tena, akasema noti moja imefifia. Mwinjilisti nilimpa bei ya ng'ombe, naye akauliza kuhusu ndama ambao ng'ombe yule angezaa, tukacheka, ingawa sidhani alikuwa anatania. Mzee mwenye lori alipokea chake, akakitia mfukoni, akamgeukia shangazi na kumwambia mbele ya watu: "Minazi yako, bibi. Tumeshakuangulia nazi za kwanza." Gunia la nazi lilikuwa mlangoni.

Shangazi alishukuru kwa maneno machache. Nikampa na hirizi ya marehemu, vipande vyote, nimevishonesha kwa fundi wa viatu ndani ya ngozi mpya. Aliipapasa, akaifunga kwenye pembe ya kanga. Nilikaa nikanyoosha miguu. Nilikuwa nimelipa kila mtu, na nilitaka wanitazame kidogo.

Shangazi alikuwa amekwisha ingia ndani. Tulimsikia akikuna nazi, harakaharaka, nazi yake mwenyewe baada ya miaka. Kisha mbuzi ikanyamaza.

"Mwanangu."

"Naam, Shangazi."

"Kifumbu changu kiko wapi?"

Mjomba alianza kucheka kabla yangu. Nilikwenda kwenye lori, nikakifungua, nikamletea. Kilikuwa cheusi, kigumu, kimejaa mafuta na vumbi la Muheza na panzi mmoja. Alikitazama, akanitazama.

"Hiki nikamulie tui la nani?"

Nilivaa viatu nikaenda sokoni. Nilinunua viwili, kimoja cha jikoni na kimoja cha lori, nikarudi mbio kwa sababu mchele ulikwisha tiwa chungu, na watu wote wale, ambao hawakuwa wananidai tena, walikuwa bado wamekaa wakingoja kula.